Kanga Ilikuwa Hati ya Uhuru

Likitajwa vazi la asili la Pwani, kanga haikosi, na husemwa kana kwamba mababu waliikuta tangu kale. Kumbe ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, na huko Unguja ilishamiri wakati maelfu ya watu wakitoka utumwani. Kabla ya hapo nguo ilimtambulisha mtu hata hajafungua kinywa. Mtumwa wa kike alijifunga kaniki, shuka nyeusi ya bei ya chini, au merikani isiyotiwa rangi. Kichwa wazi, miguu mitupu. Mwungwana alivaa kanzu na kilemba, tajiri akaongeza joho, na bibi wa nyumba kubwa akajistiri kwa barakoa.

Amri ya kukomesha utumwa ya Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Sheria ikijikokota hivyo, wanawake walikwenda dukani. Wakaitupa kaniki, wakanunua doti ya kanga: vipande viwili vya rangi kali, pindo pande zote nne, mji katikati, na baadaye jina, yaani maandishi, chini ya mji. Kipande kimoja kiunoni, cha pili kichwani na mabegani. Hiki cha pili ndicho kizito kwangu, kwa sababu kichwa kilichokatazwa kufunikwa kilifunikwa bila kungoja ruhusa ya hakimu.

Wapo watakaosema hiyo ilikuwa biashara tu: kanga zilichapwa ng'ambo, zikauzwa na Wahindi, na mwanamke alivaa alicholetewa. Ni kweli faida kubwa haikubaki kwake. Lakini mtindo aliokwisha kuuchoka ulimdodea mwenye duka, kwa hiyo wachapaji wa mbali walilazimika kufuata macho ya wanawake wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja wa waliokuwa watumwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba waliokombolewa waliwaiga mabwana, hasa walipolichukua buibui mwanzoni mwa karne ya 20. Sikubali kwamba huko kulikuwa kuiga tu. Kujistiri kulikuwa kumehodhiwa na wachache kama haki ya kuzaliwa, na kuitwaa haki hiyo ni kukanusha kuwa heshima hurithiwa. Mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa Fumba mwenye asili ya utumwa, aliimba akiwa amevaa buibui, na hakuna mwungwana aliyeweza kumwamuru alivue.