Mgonjwa wa ulaji: wa kwenye filamu na wa shule ya bweni

Mwenye king'amuzi hapa Mtabila, au mwenye bando la kutosha kutazama filamu kwenye simu, huenda ameshakutana na msichana huyu. Ni Mzungu, ana miaka kama ishirini, na friji ya kwao imejaa. Amekonda hadi mbavu zinahesabika. Anajitazama kwenye kioo na kujiona mnene. Mama analia, daktari anasema maneno machache ya busara, na filamu inapokaribia kwisha msichana anakubali kula. Amepona.

Hivyo ndivyo televisheni inavyouonyesha ugonjwa wa ulaji. Madaktari wanasema yako zaidi ya mmoja. Upo anoreksia, ambapo mtu anajinyima chakula hadi mwili unakwisha. Upo bulimia, ambapo anakula kingi kwa mara moja, kwa siri, kisha anajitapisha. Upo pia wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, pasipo kutapika. Huo wa mwisho televisheni haina habari nao. Mtu mnene anaitwa kwenye vichekesho ili tumcheke, basi.

Mfano mzuri ni filamu ya To the Bone, iliyotolewa na Netflix mwaka 2017. Mhusika mkuu ni msichana wa Marekani mwenye anoreksia. Mwigizaji wake, Lily Collins, aliwahi kuugua ugonjwa huohuo, na ili aigize ilimbidi akonde tena. Fikiria hapo, msikilizaji. Filamu inayotaka kuonya watu ilimhitaji mtu aliyepona arudi kwenye mifupa, kwa sababu kamera haijui kuonyesha maumivu ya ndani. Inajua kuonyesha mbavu.

Lakini wagonjwa wengi hawana mbavu za kuonyesha. Binti mfalme Diana wa Uingereza alipigwa picha karibu kila siku kwa miaka mingi, na Novemba 1995 alipoieleza BBC kwamba aliugua bulimia kwa miaka kadhaa, watazamaji wengi walishangaa. Walikuwa wakimtazama tu, na picha zile hazikuwaambia kitu. Mgonjwa wa bulimia anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa. Miaka 25 baadaye, mwaka 2020, tamthilia ya The Crown ilionyesha Diana akila na kutapika, na baadhi ya vipindi vikaanza na onyo kwa watazamaji. Onyo ni jambo jema. Hata hivyo shirika la Beat la Uingereza, linalosaidia wagonjwa hawa, huwaomba wanahabari wasitaje kilo wala kueleza mbinu zinazotumika, maana aliye mgonjwa huyachukua hayo kama somo.

Yapo mambo mawili yaliyotokea mbali na Ulaya ambayo sisi tungefaa kuyajua zaidi ya hayo ya Diana.

La kwanza ni Fiji, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Sehemu iitwayo Nadroga ilipata televisheni mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya Tanzania Bara. Kule, kama huku, mwili wenye nyama ulisifiwa, na aliyekonda alihurumiwa. Mtafiti Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa sekondari mara tu televisheni ilipofika, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Alipowahoji wasichana wa rika hilo mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mila zetu za kupenda unono zinatukinga wasubiri kidogo.

La pili ni Ghana, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Mwaka 2004 madaktari walichapisha utafiti wa wasichana wa sekondari nchini humo. Walikuta 10 waliokonda kwa sababu moja tu: kujinyima chakula. Hakuna hata mmoja aliyesema anaogopa kunenepa. Wasichana wale walizungumzia imani, kufunga na kuutawala mwili. Hapakuwa na kioo. Hapakuwa na mwanamitindo wala mlimbwende. Mtu aliyejifunza ugonjwa huu kwenye filamu angepita karibu yao na kusema, hawa ni mabinti wacha Mungu.

Sasa njoo kwetu. Katika nyanda hizi za Kasulu na Kibondo, mtu akikonda tuna majibu tayari. Ni UKIMWI, jibu tulilolizoea tangu miaka ya themanini. Ni kifua kikuu. Ni minyoo, ni vidonda vya tumbo, ni watu wamemchezea. Au ni njaa tu. Hilo la njaa tunalijua kwa karibu: kambi ya Warundi ya hapa Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, lakini Nyarugusu ilibaki, Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015, na mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi ulishuka hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Televisheni za nje zikija Kigoma huja kwa habari za namna hiyo. Kwenye skrini zao, Mwafrika aliyekonda ni yule aliyekosa chakula, na Mzungu aliyekonda ni yule aliyekikataa. Hawabadilishani nafasi hata siku moja. Nasi tumeizoea picha hiyo kiasi kwamba hatumwoni Mwafrika anayekaa mbele ya ugali na maharage na hawezi kula.

Anayeumia zaidi ni msichana wa shule. Mwili ukikosa chakula kwa muda, hedhi hukoma. Ongeza kutapika, na kila mtu atasema neno moja: mimba. Anapelekwa kupimwa. Majibu yakirudi kwamba hakuna mimba, watu wazima wanashusha pumzi na suala linafungwa. Hakuna anayeuliza, kama si mimba, ni nini basi? Wakati huo kutapika mara kwa mara kunapunguza madini ya potasiamu mwilini, na yakipungua sana moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa binti ambaye hajakonda. Anoreksia nayo ni kati ya magonjwa ya akili yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo. Wavulana pia huugua, ingawa kwenye filamu huwezi kuwaona.

Kwa mzazi, matroni au mwalimu, cha kutazama ni mwenendo. Anatoka kwenda chooni kila baada ya kula. Anagawa chakula chake siku nyingi mfululizo akisema ameshiba. Anafunga hata nje ya mfungo wa kanisa au msikiti wake, na ukimwomba afungue anakasirika. Anazimia mstarini, au meno yake yanaharibika mapema. Dalili moja peke yake haitoshi, zikijirundika mpeleke zahanati. Mhudumu mwambie hayo hasa uliyoyaona. Ukianza na neno "amekonda", atafikiria kwanza yaleyale tunayoyafikiria sote. Omba pia rufaa ya hospitali ya wilaya, aonwe na mtu wa afya ya akili.

Na aliyekaa wiki nyingi bila kula asishindiliwe sahani ya ugali siku ya kwanza kwa furaha ya kwamba amekubali. Mwili uliozoea njaa unaweza kushindwa kuhimili chakula kingi cha ghafla, na mtu akafa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu, kidogo kidogo, kwa vipimo, chini ya macho ya mhudumu. Msichana huyu naye anahitaji uangalizi kama huo.