Si Kila Mnyama ni Nunda



Wasomaji wetu watukufu, miongoni mwa barua tulizozipokea juma hili imo moja iliyotoka Nkoroi, kule Kajiado, kando ya barabara ya Magadi baina ya Ongata Rongai na Kiserian. Aliyeiandika ni mama mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi ya mumewe iliwahamisha pwani miaka mitatu iliyopita. Ana binti wa miaka 14. Katika likizo hii binti huyo amesoma riwaya 12 za Kiingereza, baadhi zikiwa za kuazima kwa wenziwe wa shule, baadhi za mtumba zilizonunuliwa kando ya njia mjini Nairobi. Mama alizikuta chini ya godoro. Majalada yake yana majoka, majumba yanayowaka moto na wasichana walioshika panga. Akazitia zote katika gunia na kulifungia kabatini. Tangu siku hiyo, na sasa ni siku ya tisa, binti hamwambii mamake neno ila salamu na "naam".

Mama anatuuliza: avichome vitabu hivyo, au avirudishe kwa wenyewe? Lakini tunahisi kwamba kilichomsukuma hasa kushika kalamu ni jawabu alilopewa na bintiye siku ya gunia. Binti alimwambia: "Bibi alikuwa akitusimulia mazimwi na majini kila usiku, nawe umekaa papo hapo unacheka. Mbona yeye hukumkataza?"

Swali hilo ni zito, wala sisi hatukuliona kuwa ni utovu wa adabu. Tunaona lina haki ya kujibiwa kabla ya lile la gunia.

Ni kweli kwamba nyumba zetu za pwani hazijapata kukosa maajabu. Nani kati yetu hakuitikia "pakawa" huku amejificha nusu uso katika kanga ya bibi yake? Alfu Lela Ulela ilikuwa ikisomwa kwa Kiswahili katika kitabu kilichopigwa chapa tangu mwaka 1929. Marehemu Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, alitupa ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani. Na katika Kusadikika alitupa nchi nzima inayoelea angani. Hatujasikia kwamba kuna mtoto aliyepotoka kwa kuamini kuwa watu hukaa mawinguni. Tulichobaki nacho ni Karama, kijana aliyesimama mbele ya baraza kutetea haki.

Mbele ya hivyo vyote kuna hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870. Miongoni mwake imo ile ya Sultani Majnuni, ambayo wengi wetu tuliisikia kwa mdomo kabla ya kujua kwamba imo kitabuni. Sultani alikuwa na paka. Paka akala mifugo, watu wakaja kushitaki, Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake. Paka akazidi kukua na kuzidi kula, mpaka akawafikia watu, na mwisho akawala wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo mzee alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu.

Mwanawe mdogo, ambaye watu walimdharau kwa kushinda jikoni, akaingia mwituni kumtafuta. Tabu ilikuwa moja: hakumjua nunda kwa sura. Akaua mbwa, akamleta kwa mama yake kwa shangwe. Mama akamtazama, akamwambia siye. Akarudi mwituni, akaja na mnyama mkubwa zaidi, siye. Ikawa hivyo hata akafika kwa tembo, na kila mara mama akimwambia siye, japo moyo wake ulitamani kijana abaki nyumbani. Mwisho kijana akamkuta nunda mwenyewe, akamuua, na mji ukapona.

Tumeikumbusha hadithi hii kwa sababu ndani yake wamo wazazi wawili. Yupo baba aliyesema "ni paka wangu tu" asitake kutazama, hata alipofumbua macho amekwisha kupoteza wana. Na yupo mama aliyetazama kila kilicholetwa mbele yake, akaweza kumwambia mwanawe kipi ndicho na kipi sicho. Wazazi wa leo tunaweza kuwa kama Sultani, tukasema "anasoma, afadhali kuliko simu", tusijue anasoma nini. Na tunaweza pia kuwa kama yule kijana wa mwanzo, tukaona kila mnyama ni nunda na kuwatia wote katika gunia moja.

Hapa ndipo tunapoona jawabu la swali la binti. Tofauti baina ya zimwi la bibi na joka la riwaya haimo katika zimwi wala joka. Bibi alikuwapo. Akisimulia, aliona macho ya wajukuu. Wakiogopa mno alipunguza, wakicheka kwa ubaya alikemea, na hadithi ilipokwisha alisema neno lake. Binti yetu wa Nkoroi hana bibi upande wa pili wa ukuta. Bibi amebaki Mombasa, mwendo wa kilomita zaidi ya mia nne. Jirani yuko nyuma ya geti lake. Mtoto huondoka na gari la shule alfajiri na kurudi magharibi, na katika likizo hushinda chumbani. Vitabu vimeketi mahali palipoachwa wazi na bibi. Ukiviondoa vitabu usipaweke mtu, pale patabaki wazi, nacho kitakachokuja kukaa baada yake huenda kikawa kibaya zaidi.

Je, dini yetu inasemaje? Ukurasa huu si mahali pa kutolea fatwa, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumwuliza. Wapo wanazuoni wanaokataza hadithi zilizojengwa juu ya uchawi, na wapo wanaoruhusu kisa cha kubuni maadamu msikilizaji ajua kuwa ni cha kubuni na hakimbebi kwenye haramu. Wengi wao wanasema kwamba sihri ni jambo la kweli, na Mtume (S.A.W.) ameihesabu miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza. Binti na alijue hilo waziwazi kutoka kwa mamake. Na ajue vilevile kwamba fimbo ya kichawi katika vitabu saba vya Harry Potter, vilivyotoka baina ya mwaka 1997 na 2007, ni ya shirika moja na zulia lirukalo: haifundishi mtu kitu cha kutenda. Mchawi wa kuogopwa ni yule anayebandika tangazo na nambari ya simu kwenye nguzo ya stima, akiahidi kurudisha mume au kufaulisha mtihani. Huyo hana jalada la kuvutia, na watu wazima ndio wanaompigia.

Kipo kipimo kingine. Wafasiri wa Qur'ani humtaja Nadhr bin al-Harith, aliyewasimulia Makureshi visa vya wafalme wa Uajemi ili kuwavuta wasimsikilize Mtume (S.A.W.). Ubaya ulikuwa katika kile ambacho visa vile viliwekwa kukizuia. Basi mama ajiulize: je, binti huacha sala kwa ajili ya kitabu? Msahafu wake umefunikwa na vumbi? Ikiwa ni hivyo, hapo pana la kurekebishwa, hata kama kitabu chenyewe kingekuwa ni cha hesabu. Ikiwa sala yake imesimama na chuo anakwenda, basi tusimpe kosa asilokuwa nalo.

Baada ya hapo ndipo ije kazi ya kutazama mnyama mmoja mmoja, nayo inahitaji subira, kwani sura hudanganya. Mama akiona The Hunger Games cha Suzanne Collins, cha mwaka 2008, atashituka kwa damu iliyomo: watawala huwalazimisha watoto kuuana ili umma utazame. Lakini kisa chenyewe kinaanza kwa msichana wa miaka 16 anayejitoa yeye ili mdogo wake asichukuliwe, na kinawalaani wadhalimu. Siye.

Akikutana na Twilight cha Stephenie Meyer, cha mwaka 2005, ataogopa kwamba kijana anayependwa humo ni mnyonya damu. Huyo ni tembo tu. Nunda amejificha pengine: kijana huyo huingia usiku chumbani kwa msichana bila ya yeye kujua, akamtazama amelala, na kitabu kinatutaka tuliite jambo hilo mapenzi. Binti akilizoea hilo katika riwaya, atalitambua vipi siku atakapokutana na mwanamume wa kweli anayemfuata nyuma, anayepekua simu yake, na kusema kwamba ni kwa kuwa anampenda?

Na kuna vitabu kama A Court of Thorns and Roses cha Sarah J. Maas, cha mwaka 2015, ambacho mwanzo kiliwekwa pamoja na vitabu vya vijana na baadaye kikahamishiwa kwa watu wazima. Humo mna maelezo ya wazi ya mambo ya chumbani. Fourth Wing cha Rebecca Yarros, cha mwaka 2023, ni hivyohivyo: jalada na kisa ni cha majoka, lakini kimeandikwa kwa watu wazima. Hivyo vya namna hii tunasema bila kusita kwamba ndiye, na mama avirudishe kwa wenyewe. Asivichome, kwani ni amana za watoto wa watu.

Mama ametuambia kwamba yeye si msomaji wa Kiingereza kirefu. Hilo halimzuii. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alimsimulia Mtume (S.A.W.) kisa cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaeleza hali za waume zao, mmoja baada ya mmoja. Ni kisa kirefu, na Mtume alikisikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu mkewe kwa neno la upole lililotoka mumo humo. Mwenye umma mzima wa kuushughulikia alipata nafasi ya kusikiliza hadithi ya mkewe. Nasi tujipe nafasi hiyo kwa wana wetu.

Basi ushauri wetu ni huu. Baada ya sala ya Isha, mara mbili kwa juma, binti amsimulie mama na wadogo zake kitabu kimoja, kwa Kiswahili. Mama asikatize. Akimaliza, aulizwe mambo matatu: Nani mwenye nguvu humo, na anazitumiaje? Lipi ungependa mdogo wako asilisome, na kwa nini? Na kati ya waliomo, ungependa nani awe jirani yako? Majibu yatamwonyesha mama kilichomo kitabuni na kilichomo moyoni mwa bintiye. Tena lugha ya pwani, ambayo hudhoofika kwa watoto waliokulia mbali, itapata mazoezi ambayo shule haiwezi kuyatoa.

Vilevile binti apewe vya kusoma, asinyang'anywe tu. Kwa Kiswahili, Adili na Nduguze na Kusadikika vinafaa umri wake. Kwa Kiingereza, tungependa amjue Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa, ambaye riwaya yake The House of Rust ilitoka mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin, yenye dola 25,000, katika mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kisa chake ni cha msichana wa Mombasa aitwaye Aisha, anayepanda chombo cha mifupa, akisindikizwa na paka asemaye, kwenda kumtafuta babake mvuvi aliyepotelea baharini. Kiingereza chake ni kizito, na hafai kuharakishwa. Lakini binti atakayekifungua atakuta mji wake, bibi mwenye sauti kama ya bibi yake, na bahari ileile aliyoiacha. Atajua kwamba maajabu hayakuzaliwa Uingereza wala Marekani, na kwamba msichana mwenye buibui naye aweza kuwa ndiye shujaa.

Kwako wewe binti yetu, maana tunajua utausoma ukurasa huu: swali lako lilikuwa la haki, lakini mahali pa kitabu si chini ya godoro. Kitabu usichoweza kumsimulia mamako, jiulize mwenyewe kwa nini huwezi. Usingoje kuulizwa na mwingine.

Na kwa wazazi wote wanaosoma nasi, wa pwani na wa bara, mtuandikie majina ya vitabu mnavyovikuta mikononi mwa watoto wenu na mliyoyaona ndani yake. Mmoja wetu hawezi kuujua mwitu wote, lakini akina mama wa nyumba mia wakitazama pamoja, wataweza kuambiana huyu ndiye na huyu siye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.