Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo walitungiwa wafanya biashara, lakini leo unawapasa zaidi wale waliokabidhiwa mali ya umma. Mwenye duka anaijua idadi ya magunia yake ya mchele na siku yalipoingia ghalani. Je, halmashauri zetu zinaijua idadi ya makalavati, mitaro, vituo vya kuchotea maji, vizimba vya taka na taa za barabarani ambavyo wananchi wamevigharamia kwa kodi na kwa jasho lao?

Swali hilo tunaliuliza huku tukiitazama Bigwa, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya Milima ya Uluguru. Hapo ndipo mji unapokutana na mlima, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki. Maji ya mvua yashukayo kutoka mlimani hayangoji kikao cha kamati. Kalavati likiziba, maji hujitafutia njia yao wenyewe, na mara nyingi njia hiyo hupita katika nyumba ya mtu. Kiongozi wa mahali kama hapo asiyejua kalavati liko wapi, lina upana gani na lilisafishwa lini, hawezi kusema kwamba amejiandaa kwa masika.

Maarifa ya kuliandika daftari hilo sasa yapo, nayo si ya tajiri peke yake. Kijana mwenye simu ya mkononi au kishikwambi husimama penye kalavati. Chombo chake hupokea ishara za setilaiti na kuandika mahali pale aliposimama. Yeye hupiga picha, hujibu maswali machache kuhusu ukubwa na hali ya kitu, kisha huzipeleka habari hizo ofisini. Huko kila kitu huonekana juu ya ramani, na mkuu wa idara huweza kuuliza: ni mitaro mipi iliyoharibika iliyo karibu na shule? Programu za kazi hiyo, kama ODK na QGIS, hutolewa bure kwa kila anayezitaka. Kwa hiyo ufukara si udhuru.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni ya Bara peke yake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wetu wenyewe ndio waliozirusha. Mwaka 2022 Taifa zima lilifanya kazi mbili kubwa: anwani za makazi, na Sensa ya Agosti 23 ambayo makarani wake walitumia vishikwambi. Nani basi atakayesema kwamba hatuwezi?

Kuweza tunaweza. Neno tunalotaka kulisema leo ni jingine, nalo ni hili: kuhesabu mara moja si kutunza.

Ushahidi tunao. Katika miaka ya 2010 hadi 2013 Wizara ya Maji iliviorodhesha na kuvichorea ramani vituo vya maji vya vijijini Tanzania Bara. Vilipatikana zaidi ya 60,000, na karibu viwili katika kila vitano havikuwa vikitoa maji. Ilikuwa kazi njema, kwa maana iliutoa ukweli hadharani. Lakini kuzisahihisha habari zile mwaka hadi mwaka kulionekana kuwa kazi nzito kuliko kuzikusanya. Bomba lililoandikwa kuwa zima laweza kukauka wiki ijayo, na lililoandikwa bovu laweza kutengenezwa kesho. Ramani isiyosahihishwa huanza kusema uongo, na uongo wake ni wa hatari kwa kuwa una sura ya elimu.

Tena yako mambo ambayo setilaiti haiyaoni. Bomba lililozikwa ardhini na koki iliyofunikwa na udongo hujulikana na fundi aliyevilaza na na mzee wa mtaa aliyeshika jembe siku ile. Fundi akistaafu, elimu yake huondoka naye. Ni wajibu kumwita sasa, angali na nguvu za kutembea na vijana na kuwaonyesha kwa kidole.

Na Uluguru ina fundisho lake la zamani. Serikali ya kikoloni ilikuja huko na mpango wa kuhifadhi udongo, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Waluguru walisema kwamba matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 manung'uniko yakawa ghasia, na mpango ukaachwa. Wataalamu hawakukosa vipimo, walikosa masikio. Leo mwananchi akimwona kijana anapiga picha mtaro mbele ya nyumba yake bila ya kuelezwa lolote, atadhani kwamba anaandikiwa kodi mpya au anapimiwa bomoabomoa. Hatuna haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa Bara na wa Visiwani. Kwanza, kila mali iliyomo katika ramani iwe na ofisi inayowajibika kwayo, na jina la ofisi hiyo liandikwe. Pili, mkandarasi au fundi asilipwe malipo yake ya mwisho mpaka kazi aliyoifanya iingizwe katika ramani na kuhakikiwa hapo hapo ilipo. Tatu, ramani isifungiwe kabatini wala katika kompyuta ya mtu mmoja. Nakala yake ibandikwe katika ofisi ya kata na ya sheha, isomwe mbele ya wananchi, na anayeona kosa apewe nafasi ya kulisahihisha. Vijana wa vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo hapo hapo Morogoro, washirikishwe katika kuwafundisha watendaji.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani twakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu hicho ni ile inayoamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Mali ya umma ni deni lililo shingoni mwa kila kiongozi. Wananchi wa Bigwa, kama wa Mkoani na wa Mkokotoni, hawaombi ramani ya kuonyeshwa wageni. Wanataka mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua, na maji yatokayo bombani. Daftari litakaloyaleta hayo ni lile linaloandikwa kila siku.