Mradi Ukiisha, Mfanyakazi Asisahauliwe

Mto Rufiji sasa unalipa Taifa umeme. Mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere ulitiwa saini Desemba 2018 baina ya Serikali na makampuni mawili ya Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingiza umeme katika gridi ya Taifa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9, yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115, ikawa imekamilika. Ni kazi ya kujivunia, nasi tunajivunia. Lakini tutakuwa tumesifu nusu ya jambo tusipouliza: wale walioijenga kazi hiyo kwa mikono yao wako wapi leo?

Ujenzi wa bwawa huhitaji maelfu ya watu: wamwaga zege, wasuka nondo, wachomeleaji, madereva, wapishi na walinzi. Kuliendesha bwawa lililokwisha jengwa huhitaji watu wachache tu. Kwa hiyo kila hatua ya kukamilika kwa mradi ilikuwa pia hatua ya kupungua kwa ajira. Hilo si kosa la mtu; ndiyo tabia ya kazi ya ujenzi popote duniani. Kosa huanza pale ambapo jambo lililojulikana tangu siku ya kwanza linamfikia mfanyakazi kama ajali.

Tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao juu ya nani apunguzwe na kwa malipo gani. Inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutumikia, mwisho miaka 10. Si fedha nyingi: aliyefanya kazi miaka 5 anapata mshahara wa siku 35. Lakini hata hicho kidogo hakimfikii yule ambaye mkataba wake umefikia ukomo wa muda wake, kwani sheria imemtoa waziwazi. Hivyo watu wawili wanaweza kuwa wamebeba zege ileile, mmoja akaambiwa kwamba amepunguzwa na mwenziwe akaambiwa kwamba mkataba umekwisha. Watarudi makwao na malipo tofauti, ingawa shida inayowangoja ni moja.

Shida hiyo haimkuti mtu mmoja. Katika nyumba za bondeni mshahara wa kijana mmoja ndio sare za wadogo zake, dawa ya mama yake, mbegu ya mpunga na akiba ya kununulia mashine ya boti. Ukikatika, deni la dukani halilipiki, mtoto anakosa daftari, na mwanamume aliyezoea kuitwa fundi anaona haya kukaa barazani na wenzake. Tena wilaya za Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa Aprili 2024, yakazamisha nyumba na mashamba. Familia nyingi zilikuwa zikiutegemea mshahara wakati uleule shamba liliposhindwa kuzilisha.

Katika delta, kutoka Nyamisati hadi Mbwera, anayerudi bila ajira ana njia chache: mpunga, uvuvi na mikoko. Mikoko ni hifadhi, haikatwi pasipo kibali. Bahari nayo haiongezi samaki kwa kuwa wavuvi wameongezeka. Tunakumbuka kwamba mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii Serikali ilifunga uvuvi wa kamba kwa meli za kukokota nyavu kwa sababu kamba walikuwa wamepungua. Ofisa misitu anayemkamata kijana na boriti zisizo na kibali, na ofisa uvuvi anayekamata nyavu haramu, wanatimiza wajibu wao. Lakini wajue kwamba huenda tatizo wanalolikuta majini lilianzia kwenye meza ya mwajiri.

Wapo watakaosema: walitia saini wenyewe, walijua mkataba una mwisho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana anayetafuta kazi hana nguvu ya kupanga masharti na kampuni kubwa; hutia saini alichopewa. Ndiyo maana dola ipo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi.

Wala hatupingi maendeleo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kivuko cha Ndundu kilikosa kazi, pamoja na biashara iliyotegemea magari yaliyokuwa yakisubiri zamu ya kuvuka. Hakuna mwenye akili atakayetamani daraja lile lisingejengwa. Tunachosema ni kwamba faida ya wote isilipiwe na wachache peke yao.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kwanza, kila mkataba wa mradi mkubwa wa umma uweke tangu mwanzo malipo ya kumaliza kazi kwa wote, bila kujali jina la mkataba wa mfanyakazi. Pili, maofisa kazi wafike kambini kabla ya siku ya mwisho, wahakikishe michango ya hifadhi ya jamii imefikishwa yote, na kwamba hati ya utumishi na haki ya usafiri, ambazo sheria imekwisha kuziagiza, zinatolewa. Tatu, halmashauri za Rufiji na Kibiti ziwaandikishe mafundi waliorudi, kata kwa kata. Mchomeleaji aliyefanya kazi katika bwawa lile hapaswi kukosa vifaa wakati sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema: anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo ni chache kwa mtu anayesubiri maji yajae ndipo asafiri, basi zisipotezwe. Na viongozi wa vijiji na kata wazitangaze mikutanoni, kwani haki isiyojulikana haidaiwi.

Miradi mingine itakuja katika mwambao huu. Kabla ya kuwekwa jiwe la msingi, wakuu wa wilaya na wabunge waulize wazi: siku kazi itakapoisha, wafanyakazi wataondoka na nini? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.