Jumuiya si kihamba cha wanaume



Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zetu. Basi tujiulize, sisi wa Shirimatunda: ni nani anayeubeba msingi huo? Ni akina mama. Ndio wasomao Neno, wawatembeleao wagonjwa na kuikusanya michango. Lakini siku ya uchaguzi macho huelekea kwa baba ambaye pengine hajaonekana tangu Pasaka. Yeye hupewa uenyekiti. Mama hupewa umakamu na sufuria.

Hili si suala la heshima tu. Mwenyekiti ndiye athibitishaye barua za ubatizo, ndoa na mazishi. Ndiye aketiye katika vikao vya kanda, na kutoka humo hupatikana viongozi wa kigango na wa parokia. Aliyefungiwa mlango wa Jumuiya amefungiwa milango yote. Na mjane anayefukuzwa kihambani na shemeji zake ataipeleka wapi kesi yake? Akikuta mbele yake wanaume watupu, na baadhi yao ndugu wa marehemu, haki yake imekwisha kuzikwa kabla hajafungua kinywa.

Wako wanaomtaja Mtume Paulo. Wasome basi na sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, wamwone Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea, na Priska, mtenda kazi mwenzake Paulo. Wako wanaotaja mila. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Je, Kanisa libaki nyuma ya Serikali? Wengine husema akina mama wenyewe hukataa. Hukataa kwa kuwa wameona jinsi aliyekubali alivyosengenywa.

Wala hatuzungumzii Daraja Takatifu. Tunazungumzia uongozi wa walei, ambao Kanuni ya 228 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 haikuutenga kwa jinsia. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare. Mwaka 2023 wanawake walipiga kura katika Sinodi ya Maaskofu kule Roma. Anayepiga kura Roma hawezi kukosa sifa ya kuongoza Jumuiya ya kaya ishirini.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Uchaguzi ufanyike kwa kura ya siri. Majina ya akina mama yapendekezwe kwa nafasi ya mwenyekiti, si ya makamu peke yake. Shauri la mjane au la ndoa lisisikilizwe pasipo akina mama mezani.

Akina baba, msiogope. Jumuiya ni ya Kristo. Hakuna aliyeirithi kutoka kwa babu yake.