Tuzirekodi Sauti za Wazee Wetu Nyumbani, Tena kwa Halali

Tabora ni mji uliokuzwa na njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njiani huku pembe za ndovu zikiwa mabegani mwao. Bidhaa zilipopita, Uislamu nao ulipita, na Kiswahili kikapita pamoja nao. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, alifikishwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Kongo ya mashariki, kisha akawa khalifa wa tarika ya Qadiria.

Historia hiyo tumeandikiwa. Sauti zake je? Siti binti Saad ilimlazimu avuke bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili arekodiwe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, na aliyoyarekodi yamehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zama hizo sauti ndiyo iliyoifuata mashine, au ilimsubiri mgeni mwenye mashine. Leo mashine imo sebuleni mwetu, na bado bibi anayejua kaswida za zamani anaondoka nazo kaburini.

Kikwazo kinachotajwa ni gharama. Programu nyingi za kurekodia huuzwa ghali, na vijana wetu huzitumia zilizovunjwa kufuli. Basi tujiulize: je, inafaa kumsifu Mtume (S.A.W.) kwa chombo tulichokichukua bila ridhaa ya mwenyewe?

Njia ya halali ipo. Linux, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, umeruhusiwa na watungaji wake utumiwe, unakiliwe na kugawiwa jirani. Toleo lake liitwalo Ubuntu Studio limekusudiwa kazi za sauti na picha, na hupatikana bila malipo. Anayeanza atumie Audacity, kwani ni nyepesi. Anayetaka kupanga sauti nyingi, dufu upande mmoja na waitikiaji upande mwingine, ajifunze Ardour.

Kompyuta iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, yatosha kwa Audacity. Mfumo huweza kujaribiwa kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukiamua kuusimika, nakili kwanza mafaili yako pengine, kwa kuwa usimikaji unaweza kuyafuta yote. Fedha iliyobaki nunulieni maikrofoni ya USB na hedifoni.

Chumba nacho ni sehemu ya mtambo. Kuta tupu hurudisha mwangwi. Tundikeni mablanketi, simamisheni godoro nyuma ya msomaji. Paa la bati halipatani na mvua, basi chagueni siku kavu, na wakati ambao adhana haiko karibu. Feni izimwe. Maikrofoni iwe kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Kipimo cha sauti kikifika karibu na -12 pale anapopaza zaidi, panatosha. Kikigusa sifuri, sauti hukwaruza na haitengenezeki tena.

Hifadhini asili kwa muundo wa WAV au FLAC, kwa kuwa MP3 hupunguza sauti ili faili liwe dogo. Saa moja ya maikrofoni moja, kwa kipimo cha biti 24 na kilohezi 48, huchukua megabaiti 520 hivi. Hivyo flashi ya gigabaiti 32 hubeba saa zipatazo 60: masimulizi na kaswida za mzee mmoja kwa mwaka mzima wa Ijumaa. Wekeni nakala tatu, moja katika nyumba nyingine.

Mwisho ni adabu. Mzee aombwe idhini kabla ya kurekodiwa, na aulizwe nani asikilize: familia pekee, madrasa, au watu wote. Mwanzoni mwa kila faili atajwe jina lake, mji na tarehe, na aliyemfundisha. Sauti ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe, nao ni wajukuu.

Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.