Vijana waelezwe kuhusu tiba ya dharura jeshini

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 2024, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walishirikiana na Zimamoto kuwaokoa walionaswa chini ya kifusi. Desemba 2023 walikuwa Katesh, Hanang', kwenye tope lililoshuka mlimani. Binti yangu, aliye kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anataka kazi hiyo hasa: kumfikia majeruhi, kuzuia damu, kumhudumia hadi afikishwe hospitali. Namuunga mkono kwa moyo wote, ingawa najua atakuwa mwanajeshi kwanza, na amri ikitoka ataenda popote. Ila shuleni kwake hakuna anayeweza kumweleza aanzie wapi. Naliomba Jeshi liwatume madaktari na wauguzi wake wa hospitali ya Lugalo wazungumze na wanafunzi wa sekondari.

Mzazi,
Morogoro